Nyumba ya Taiping

Basi la kwenda Taiping lilipotoka Ipoh, mjane aliyeketi mbele yangu alimgeukia mzee wa Kichina aliyekaa naye. "Anko, watu wa kodi wanafukua mapato ya marehemu mume wangu ya miaka kumi nyuma! Si mwisho wao mitano?"

"Mitano ni kwa aliyekosea, dada. Aliyedanganya makusudi hana mwisho."

"Rosli adanganye? Hata chenji iliyozidi alirudisha!"

Ghafla abiria wote tulikuwa tumelala, masikio wazi.

"Basi wamekosea wao," mzee akampoza.

"Si ndiyo! Afisa kaniuliza nani anaishi kwenye nyumba yetu ya Taiping. Nikamwambia hatuna nyumba Taiping…"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaziba mdomo kwa mtandio.

Basi likasimama kwenye kituo alichomwomba dereva amshushe. Hakuinuka.