Bitiruti Arobaini na Tatu za Shemeji

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi viatu, na lina sheria moja tu: ukitaka kuinuka toa taarifa, la sivyo wa upande wa pili anakula vumbi. Kichwani hukaa mwenye kibanda, wanamwita Gundi, mtu wa maneno machache na vidole vyeusi. Katikati ni Redio, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye habari zote za mjini humfikia kupitia vichwa vya watu. Mwisho kabisa ni Mita, msomaji wa mita za maji, ambaye hata kikombe cha kahawa hakinywi kabla hajakikadiria. Kahawa ni ya Mama Birika, na akisema imekwisha, imekwisha, usijisumbue kubembeleza. Asubuhi hiyo, saa nne, jua lilikuwa limetoka bila joto, watu wako ndani ya masweta, na Gundi alikuwa ameshika kiatu kimoja tangu saa mbili bila kukipiga msumari hata mmoja.

— Leo usiku jalidi inashuka, akaanza Redio. Nimemnyoa mtu wa idara ya hali ya hewa.

— Anafanya nini huko? akauliza Gundi haraka.

— Mlinzi wa geti. Lakini kila kitu kinapita kwake.

Gundi akakiweka kiatu chini. Si kwamba ni mkulima, hata kidogo. Nyumba yake iko nyuma ya kibanda, na pale uani mkewe alipanda bitiruti, mistari mitatu, mbegu ile ya kuhimili baridi. Miche ilipotoa majani manne, Gundi akaamka siku moja na ari ya kusaidia kazi za nyumbani. Akaona vishina vyekundu vimejipanga, akadhani ni mchicha pori, akang'oa mstari mzima. Akamwita na mkewe aje aone usafi! Mkewe akaangalia, asipige kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Basi badala ya kuomba radhi, mwanamume mzima akasema, "Si majani tu hayo." Mama wa watu akaingia ndani, akapanga begi, akachukua na uma wake mdogo wa bustani, akaenda zake kwa dada yake. Mlangoni alisema neno moja tu: "Nitarudi kuvuna, kama utakuwa umeniachia cha kuvuna."

Zilibaki arobaini na tatu. Gundi anazihesabu asubuhi, anazihesabu jioni. Zikifa, mkewe hana tena la kumrudisha. Benchi zima linajua, ndiyo maana hata kumtania wanamtania kwa kipimo.

— Jalidi si mchezo, akasema Mita. Ni umande kuganda ukawa barafu. Mimi nimeona bomba limepasuka kwa baridi. La chuma, Gundi! Sembuse jani?

— Ahsante kwa kunifariji.

— Nakwambia ukweli, ndugu yangu.

— Ukweli mwingine mtu anaubakiza nyumbani, Mama Birika akamwambia. Mwache mwenzio anywe kahawa yake.

Gundi akafungua boksi la misumari, akatoa pakiti ya mbegu iliyokunjwa mara nne.

— Hapa wameandika zinahimili baridi. Someni wenyewe.

— Hiyo pakiti imetengenezwa wapi? akauliza Redio.

— Sijui.

— Basi imesema habari ya baridi ya huko kwao. Baridi ya hapa haijasoma pakiti.

Gundi akaikunja tena. Alikuwa ameisoma hata wino ukafifia kwenye mikunjo. Aliujua na mstari wa chini, unaosema bitiruti hizo huvunwa zikifika wiki ya tisa au ya kumi. Zake zilikuwa wiki ya kumi na tano. Mstari huo hakuwasomea.

— Tusipoteze muda, akasema Mita. Maji moto. Nusu lita kila shina, saa kumi na mbili kamili jioni. Mashina arobaini na tatu, hiyo ni lita ishirini na moja na nusu.

— Ukishazimwagia maji moto, akasema Mama Birika, lete na chumvi tule kabisa.

— Haya, majiko ya mkaa, akadakia Redio. Moja kila kona ya bustani.

— Na nyumba ikiungua? akauliza Gundi.

— Bitiruti zitakuwa zimepata joto, si ndiyo tunachotafuta?

— Wewe Redio!

— Sikilizeni, mnajua kwa nini mmea unakufa kwa baridi? Redio akashusha sauti, na akishusha sauti ujue anakokwenda ni mbali. Haufi kwa baridi. Unakufa kwa usingizi. Baridi inaulaza, ukishalala moyo unasimama. Dawa yake ni kutouacha ulale. Nitaleta redio yangu kubwa tuweke uani, tufungulie mpira mpaka kunakucha.

— Usiku kucha kuna mpira gani?

— Marudio. Nani atalala na yule mtangazaji anavyopayuka?

— Moyo wa bitiruti, akanong'ona Mama Birika. Mungu wangu, nimezeeka hapa.

Mita akasafisha koo.

— Wahenga walisema…

— Wahenga hawakupanda bitiruti, Mama Birika akamkata. Endelea na lita zako.

Mita hakukasirika. Alikuwa amegeuka, anatazama ndani ya kibanda, kwenye lundo la viatu lililopanda ukuta mpaka karibu na dirisha.

— Gundi, hivyo vyote ni vya nani?

— Vya watu. Nilishavitengeneza. Wenyewe hawajavifuata.

— Vimekaa bure?

— Vimekaa tu.

— Ngozi juu, mpira chini, sufu ndani, akahesabu Mita kwa vidole. Ndugu zangu, kiatu kimetengenezwa kwa kazi gani? Si kuzuia baridi? Kila bitiruti ivalishwe chake!

Gundi alijua ni upuuzi. Alijua kabisa. Lakini roho ilikuwa juu juu tangu alfajiri, na kufanya upuuzi kulimpa nafuu kuliko kukaa. Akatoa taarifa, wote wakainuka pamoja, wakaanza kuvitia viatu kwenye gunia.

— Arobaini na moja, akatangaza Mita. Kuna mtu alileta mguu mmoja tu. Pungufu miwili.

— Nitatoa vyangu, akasema Redio, akawa ameshaanza kufungua kamba. Kwa ajili ya shemeji sioni taabu kutembea pekupeku.

Gundi nusura alie. Alikuwa amebeba gunia mgongoni, na Redio yuko nyuma yake na kiatu cha kike cha kahawia kilichobaki nje, wakati sauti ilipowasimamisha.

— Hodi jamani. Samahani kaka, hicho kiatu mnachokipeleka huko ni changu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, sare ya kazi imepigwa pasi vizuri, na chini amevaa soksi nene ndani ya ndala. Redio akakitazama kiatu, akazitazama ndala, akakirudisha kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto.

— Ulikileta lini, mama? akauliza Gundi.

— Sasa ni miezi mitano. Kimekuwa tayari?

— Kilikuwa tayari kesho yake.

— Kesho yake! Mwanamke akashika kiuno. Mbona hukuniambia? Namba yangu si nilikuandikia chini ya soli?

Gundi akakichukua, akakigeuza. Namba ilikuwepo, imeandikwa kwa wino wa buluu, inasomeka vizuri tu.

— Mimi huwa sipigi, mama. Mwenye kiatu akikitaka, anakuja.

— Na mimi nimekaa nasubiri unipigie. Nikasema labda kimemharibikia, fundi wa watu anaona haya. Nikaona nisimkere. Nimekwenda kazini na ndala miezi mitano, baba, watu wananicheka.

Redio akaangua kicheko. Gundi hakucheka. Alibaki anaitazama ile namba.

— Sasa gunia zima mnalipeleka wapi? akauliza yule mama.

Wakamweleza, wote kwa mpigo: jalidi, mlinzi wa geti, bomba la chuma, usingizi wa mimea. Mama yule akawasikiliza na mdomo wazi, kisha akachungulia uani. Akainama kwenye shina la kwanza, akafuta udongo kwa kidole. Bitiruti ilikuwa imenenepa kama ngumi, bega lote liko nje ya udongo.

— Hizi mnaziogopea jalidi? Hizi baridi inazizidishia utamu. Za mama yangu zilikuwa zinapigwa na jalidi msimu mzima, wala hazikuwa na habari. Ila zimekomaa zamani, fundi. Ukiziacha zitaota nyuzi ndani, hazitatafunika. Mvunaji yuko wapi?

— Mke wangu, akasema Gundi. Yuko kwa dada yake. Alisema atarudi kuvuna.

— Haya. Na nani amemwambia kwamba zipo tayari?

Mita akachungulia kikombe chake, kumbe kitupu. Wakarudi kwenye benchi mmoja mmoja wakakaa, na yule mama naye akakaa pembeni ya Gundi, akatoa mguu wa pili kwenye mkoba wake, akaanza kuvaa viatu vyake polepole.

Gundi hakuwa na mahali pa kuyaficha macho yake. Wiki tano nzima angeweza kupiga simu, na kila jioni aliishika akairudisha mfukoni. Aliogopa. Hakuogopa jalidi, habari ya jalidi ilikuja leo tu. Aliogopa kumsikia mkewe akisema, "Sirudi." Bitiruti zikiwa bado ardhini, alikuwa bado na mke anayetarajiwa.

Mama Birika akaliinamisha birika mpaka tone la mwisho.

— Kahawa imekwisha, akasema. Na maneno yenu naona yamekwisha. Piga simu, mwanangu.

Gundi akainuka ghafla bila kutoa taarifa. Ubao ukapaa upande wake, yule mama akashika ukuta, Mita akaenda chini na kikombe chake. Hakuna aliyecheka. Simu iliita mara moja tu.

— Zimekufa? Mkewe aliuliza kabla hata ya salamu. Nimesikia habari ya jalidi huku. Zimekufa?

— Hazijafa. Zipo tayari.

— Tangu lini?

— Wiki tano.

— Wiki tano! Na ulikuwa unangoja nini?

— Niliogopa, akasema Gundi. Mke wangu, ule mstari… hayakuwa majani tu yale. Nisamehe.

Redio alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

— Pale ulipong'oa, mkewe akasema, umepanda nini?

— Sijagusa. Pako wazi.

— Paache hivyo hivyo, mbegu nyingine ninazo huku, nitapapanda mwenyewe. Na hizo nyingine usiguse hata moja, umenisikia? Uma ninao mimi.

Akakata. Gundi akabaki ameiweka simu sikioni.

— Kasemaje? akauliza Mita, bado yuko chini.

— Amesema nisiguse kitu.

Akakaa, safari hii kwa taarifa. Akalivuta lile gunia, akatoa kiatu cha juu, akageuza soli na kuanza kutafuta namba.