Breki za Mama Flaviana

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama una sufuria jikoni, punguza moto, ukae kidogo nasi. Ni mimi Jackline Sulle. Leo tunamkumbuka Antonia Valeriani. Antonia, Mama Flaviana, fundi wa breki wa Karatu. Ametutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na moja, baada ya kuugua moyo. Alizikwa Alhamisi kwao Kibosho, mgombani. Mabasi mawili yalitoka hapa Karatu kumsindikiza, na pikipiki sikuzihesabu.

Antonia aliletwa Karatu na ndoa. Mumewe, Sebastian, alikuwa fundi pikipiki, naye Antonia alimshikia spana. Mwaka 1992 Sebastian akafariki, akaacha binti mmoja, Flaviana, na kibanda cha mabati karibu na uwanja wa mnada. Ndugu wakasema kibanda kiuzwe. Antonia akasema hakiuzwi. Wakauliza, sasa nani atafanya kazi humo? Akavaa ovaroli ya marehemu, akaikunja miguuni mara tatu, akaingia.

Wanaume walicheka, tusifichane. Mmoja alisimama mlangoni akamwuliza kama anakaanga na maandazi. Antonia hakupepesa macho. Akamwambia, "Breki yako imekufa tangu Pasaka. Itengeneze kwanza, maandazi utayala ukiwa mzima." Yule bwana aliacha pikipiki yake pale pale.

Kazi yake hasa ilikuwa pikipiki za zamani. Zile nzito za miaka ya sabini, zilizoachwa na mapadri na mabwana mifugo. Breki ya mbele ya pikipiki hizo ina chuma kinachobana diski ya gurudumu. Mafundi wanakiita kalipa. Ndani ya kalipa kuna pistoni, na pistoni imevalishwa raba. Kutu ikiingia, pistoni inaganda, na breki hakuna. Mafundi wengine walikuwa wanazitupa. Antonia alizifufua. Alipiga pampu mpaka pistoni ichomoke, akaisugua kwa msasa laini, akaiosha, akaivalisha raba mpya, akatoa upepo kwenye mpira wa oili.

Na alikuwa na masharti, jamani! Kunawa kwa sabuni mara mbili. Kutandika shuka jeupe mezani. Kuzima redio, hata kipindi hiki, na nilishamsamehe. Breki haifungwi siku ya mnada, kwa sababu ya vumbi na kelele. Na la mwisho, breki haikabidhiwi mpaka yeye mwenyewe ameshuka nayo mlima wa Mto wa Mbu. Ndiyo, yeye mwenyewe, na kilemba chake. "Nikifika chini mzima, ndipo mwenye pikipiki anaitwa," alikuwa anasema.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapotaka kufika.

Mwaka 1999 alikuja Meitamei, kijana wa Kakesio aliyesomea utabibu wa mifugo. Alikuwa amepewa pikipiki kuukuu ya silinda mbili, na kalipa zake zilikuwa zimeganda kabisa. Antonia akamtuma Arusha kununua raba. Meitamei akarudi nazo, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa, laini, zinang'aa. Siku hiyo ilikuwa ya mnada. Antonia akamwambia arudi kesho. Meitamei akamsihi. Kule kwao ng'ombe walikuwa wanakufa, na dawa alikuwa nazo mkononi. "Yeyo, nisaidie," akamwambia, kama anavyomwita mama yake mzazi.

Antonia akalegea. Shuka akalitandika, mikono akanawa. Lakini zile raba hakuziosha upya kwa oili ya breki kama kawaida yake. Alizifuta tu. Alisikia harufu ya mafuta ya nyama, ila mnadani kote walikuwa wanachoma nyama, pua ingejuaje? Akafunga. Kesho yake akashuka nayo mlima, breki ikashika vizuri kabisa. Akamwita Meitamei, akamkabidhi.

Asubuhi ya siku ya tatu, Antonia alikuwa anafagia kibanda. Akaiona raba moja ya akiba juu ya meza. Akaichukua, akaijaribisha kwenye pistoni chakavu. Haikukaa. Ilikuwa imevimba, imelegea. Akainusa. Mafuta ya kondoo!

Meitamei alikuwa amezipaka mafuta ya kondoo. Si kwa ubaya. Kwao, ngozi na mkanda hupakwa mafuta hayo ili visikauke, na yeye aliona raba ni kitu cha kutunzwa hivyo hivyo. Lakini raba ya breki ikipata mafuta ya mnyama huvimba polepole. Ikivimba, pistoni hairudi. Breki inabana hata usipoigusa, inapata moto, oili inachemka, halafu ghafla unavuta mkono wa breki na hakuna kitu. Na Meitamei alikuwa ameondoka alfajiri ile ile. Njia yake ilikuwa kupanda Ngorongoro mpaka ukingoni mwa kreta, halafu kuteremka upande wa pili kuelekea Kakesio. Mnaujua mteremko ule.

Flaviana anakumbuka vizuri. Ameniambia hivi: "Mama aliniita, akanionyesha ile raba. Mimi nikamwambia, mama, funga mdomo. Raba kaleta yeye, mafuta kapaka yeye, nani atakulaumu? Watu walikuwa wanamngoja mama akosee hata mara moja tu. Mama akaniangalia, akasema, 'Flaviana, yule ni mtoto wa mtu.' Akachukua kofia."

Akapanda kipikipiki chake kidogo, ovaroli juu ya kanga, akakimbiza. Barabara wakati ule ilikuwa vumbi tupu, lami bado. Karatu ipo nyuma, huku mbele ni msitu. Alikuwa anasali kwa sauti, alikuja kutuambia baadaye, na kila lori alilolipita alilipigia honi kama kichaa. Alimkuta Meitamei kabla ya geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Amesimama kando ya barabara, anamwagia gurudumu la mbele maji ya chupa, na maji yanafuka moshi.

Naye anatabasamu! "Yeyo! Breki yako ni kali! Inashika hata nisipoishika!"

Antonia alishuka, akakaa chini kwenye majani. Akacheka, akalia, vyote pamoja. Halafu akasema, "Zima. Hiyo pikipiki haiendi mbele. Nimekosea."

Meitamei alipoelezwa, aliona aibu. Akasema, "Mafuta nilipaka mimi." Antonia akamjibu, "Ulipaka wewe, nikafunga mimi. Fundi ni mimi."

Wakaipakia kwenye lori, wakarudi nayo Karatu. Akafungua kila kitu. Akaosha, akaagiza raba nyingine, akafunga upya, akashuka tena mlima, na safari hii alishuka mara mbili. Dawa zilitangulia Kakesio na gari la misheni.

Halafu akafanya jambo lililowashangaza wengi. Alisimama mbele ya kibanda, wateja wamejaa, akawaeleza yote. Siku ya mnada. Raba asizoziosha. Kosa lake. Baadhi wakaondoka na pikipiki zao. Walikaa huko mwezi mzima, kisha mmoja mmoja wakarudi. Mmoja wao aliniambia, "Mafundi wengine wote wananiambia hawajawahi kukosea. Sasa nimwamini nani?"

Kuanzia hapo, raba zote aliziosha mwenyewe, hata zikitoka dukani kwenye karatasi. Na kila mteja mpya alisimuliwa habari ya kondoo, atake asitake. Alifanya kazi hiyo mpaka mwaka jana, moyo ulipomkataza.

Juzi nilimpigia simu Meitamei, yuko bado Kakesio, bado anatibu mifugo. Nilimwomba aseme neno kuhusu Mama Flaviana. Akasema, "Dada Jackline, nina watoto wanne. Wote wamezaliwa baada ya siku ile."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa studio, nampa pole Flaviana, naupa pole ukoo mzima kule Kibosho, na mafundi wote wa Karatu. Poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu.

Na wewe unayenisikiliza, labda wewe ni fundi, ni muuguzi, ni mwalimu, ni dereva. Labda kuna kazi ilishatoka mkononi mwako, na asubuhi hii moyo unakuambia haikukaa sawa. Hakuna aliyeona ila wewe. Mwenye kazi hiyo yuko njiani sasa hivi, hajafika mteremkoni. Zima redio, umfuate.