Ruairi Apite Kwanza

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Eoghan uache kuchungulia dirishani, moshi wa nyumba ya Ruairi hautafuka tena. Alikata roho jana, nami habari ninayo tangu mlipoanza kunong'ona nyuma ya ukuta kana kwamba mwenye kufa ni kiziwi. Seonaid, nigeuze niuelekee moto. Hapo. Lachlan, keti, na hicho kicheko chako cha chuoni kitie mfukoni. Ulirudi kutoka Edinburgh na kofia nzuri na Kilatini tele, na hata kondoo hawajakupa kazi, basi leo sikiliza usilofundishwa.

Mali yangu ni fupi kuliko pumzi zangu. Nyumba na mashua ni vya Eoghan. Ng'ombe mweusi na jiwe la kusagia shayiri ni vya Seonaid, wala asije mtu kusema mwanamke harithi ng'ombe, maana huyo ng'ombe akikamuliwa na mwingine hupiga ndoo teke. Lachlan achukue blanketi langu zito, kwa sababu msomi asiye na kazi hulala sana. Nyavu ni zenu nyote. Atakayezigombania, samaki na wamkimbie.

Sasa lililonikaa kooni. Najua mlichopanga. Jumapili hakuna achimbaye kaburi kisiwani hapa, kwa hiyo mimi na Ruairi tutatoka majumbani Jumatatu, na Eoghan amekwisha kuchagua wenye mabega wa kunikimbiza alfajiri ili niingie makaburini kabla yake. Azikwaye mwisho ndiye hulinda lango, huwatekea maji wafu wenzake, hapati usingizi mpaka aje maiti mwingine. Nanyi hamtaki mama yenu asimame baridini wakati Ruairi analala. Ni mapenzi, nayajua. Lakini mapenzi ya namna hiyo yamekwisha kutuua mara moja.

Eoghan alikuwa tumboni mwangu siku tuliyompeleka baba yangu. Ukungu ulilala juu ya njia ya majeneza kama maziwa yaliyomwagika, wiski ikazunguka kila tulipotua, na mpaka leo sijui kama nilikuwa natembea au naelea. Tulipofika langoni ukungu ukapasuka, na jeneza jingine likatoka ndani yake, polepole, kama chombo kisicho na nahodha: mama yake Ruairi. Niall, mdogo wake Ruairi, akasema, "Pisheni. Mama yetu hakuwahi kumsubiri mtu." Kaka yangu Fearchar akamjibu, "Baba yetu alimsubiri mama yenu anyamaze maisha yake yote. Leo apumzike." Watu wakacheka, hata wa kwao. Halafu sijui nani alimsukuma nani. Wale wazee wawili wakabaki majanini, kando kwa kando, kwa amani, na watoto wao wakauana kwa kuwagombania nafasi.

Ukungu ulipoondoka, Niall alikuwa chini, kichwa kwenye jiwe la lango. Fimbo ziliinuka nyingi, lakini yenye damu ilikuwa ya Fearchar, na jaji wa bara hakutaka kujua zaidi. Walimnyonga. Tukamrudisha kwa mashua, na Ruairi akasimama langoni na ukoo wake wote, akasema muuaji hataingia alipolala Niall. Basi tukamlaza nje ya ukuta, upande wa kaskazini, kwenye upupu, na kila masika nimekwenda kuukata kwa mundu wangu.

Tangu hapo namwota. Amesimama nje ya lango, shati limeloa chumvi ya bahari, haniulizi ila neno moja: "Limefunguliwa?" Nyasi zinapita katikati yake kama upepo. Mlinzi hufungulia yule anayemwita kwa jina, na nani amelitaja jina lake? Walinzi wa kwao hawakutaka, wa kwetu waliona haya. Wewe Lachlan nilitaka nikuite Fearchar, baba yenu akaogopa maneno ya watu.

Kwa hiyo shikeni agizo langu. Jumatatu mkikutana nao njiani, nitueni chini. Vueni kofia, wapeni wiski wao kwanza, Ruairi apite. Watawacheka, watasema watoto wa Oighrig wana mabega ya uji. Waacheni. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nami nimeuona huo ukingo, ni jiwe lenye damu. Eoghan, ngumi yako ikae mfukoni pamoja na kicheko cha Lachlan. Mimi niingie mwisho. Lango niachieni mimi.

Usiniulize kama naamini, Lachlan. Ikiwa ni uongo, mmepoteza nini, zaidi ya kutangulia? Na ikiwa ni kweli, mjomba wenu amesimama mvuani tangu kabla hamjazaliwa.

Nivikeni viatu vyangu vya kwendea kukata mboji ya kuwashia moto. Kazi ya kusimama si ya miguu mitupu. Sahani ya chumvi kifuani pangu nikifa, kama ilivyo desturi, msisahau. Seonaid, moto usizimike kabla sijatoka... maji kidogo. Basi, yatosha.

Eoghan, nipe mkono wa ahadi. Najua, kwako kupisha ni kuzito kuliko jeneza. Umezaliwa na hasira ya siku ile ndani yako, niliisikia ikipiga mateke. Nipe tu. Ahaa. Huo umekuja.

Mungu awe juu ya paa lenu na chini ya mashua yenu. Mkate wa shayiri usiwakatikie. Mkosane, lakini msilale mmekosana... Mbona ukungu umeingia ndani? Nani kaacha mlango wazi? Acheni, msiufunge.

Eoghan. Litaje jina la mjomba wako. Nataka nilisikie kwa sauti ya mwanamume wa nyumba hii, kabla sijaenda kulitaja mimi.

Vyema.

Tena, mwanangu. Kwa nguvu. Yuko mbali.