Kitanda Kirefu Kama Paa

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya seremala, upande wenye kivuli, likitazamana na kanisa la mabati mekundu ng'ambo ya barabara. Atakayepita asubuhi, wakati watu wa ofisini wamekwisha kwenda zao na jua bado lina huruma, atamkuta Randa, mwenye karakana, aliyepewa jina la chombo chake. Atamkuta Wembe, kinyozi wa mlango wa tatu, ambaye kiti chake hukaa kitupu na kinywa chake hakikai. Atamkuta Karani, aliyestaafu ofisi asistaafu ukarani. Na Mama Birika akitumiminia kahawa huku ametupa mgongo, ili tusijue kwamba anasikia kila neno. Mimi hukaa mwisho wa benchi, nikingoja zamu ya kusema, nayo ni nadra kunifikia. Kijiwe kina sheria moja tu: anayeleta habari ya "mtu mmoja" haulizwi mtu huyo ni nani. Sheria hiyo imewasitiri wenye ndoa mbovu na wenye maradhi ya aibu, nami naiheshimu. Lakini asubuhi ninayoieleza hapa, nusura initoe roho.

Randa alikuwa hajagusa kazi. Mbao mpya, ndefu, zilizoletwa jana yake, zilikuwa zimelala sakafuni bila hata kupigwa mstari. Alikizungusha kikombe mkononi bila kunywa.

— Kuna mtu mmoja, alisema.

— Enhe! Wembe alijisogeza. Mwanamume?

— Mwanamume. Fundi mwenzangu, wa mbali huko. Alimtengenezea mtu kitanda. Ubao mmoja ulikuwa umeliwa na wadudu, naye aliuona. Akaziba matundu kwa gundi na vumbi la msumeno, akapaka rangi juu. Yule mtu akapanda, kikavunjika, akaumia vibaya. Tangu siku hiyo huyo fundi hawezi kusali. Akianza Baba Yetu, inamkwama hapa. Alijigusa koo. Sasa nauliza: Mungu anaweza kumsamehe mtu kama huyo?

Hilo, msomaji wangu, ndilo swali ambalo watakatifu walilifungia milango wakalilia. Niliweka kikombe chini, nikasafisha koo.

— Kwanza tuelewane, alidakia Wembe. Mtu kaanguka kitandani. Mimi naanguka kitandani kila mara. Mke wangu anacheka, tunalala.

— Kilikuwa kirefu, alisema Randa.

— Kirefu kiasi gani? aliuliza Karani. Lazima tujue. Kama meza?

— Zaidi.

— Kama mlango?

Randa alitazama ng'ambo ya barabara.

— Kama paa.

— Kitanda kirefu kama paa! Karani alimgeukia Wembe. Huko mbali wanalala na popo?

— Vitakuwa vile vya bweni, vya kupandana, alisema Wembe kwa uhakika wote. Nimeviona mimi.

Mama Birika aliacha kumimina. Alimtazama Randa, akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Hakukuwa na kitanda. Kulikuwa na ngazi. Mtunza kanisa, tunayemwita Mzee Funguo, alikuwa amepanda kwenda kukaza bati lililolegea, kipago kimoja kikakatika chini ya mguu wake, akaanguka na kuvunjika nyonga. Ngazi ile aliitengeneza Randa. Hakuna aliyemlaumu fundi. Mtaa mzima ulisema mzee alikuwa amekunywa, na aliyelisema hilo kwanza, akalisambaza pamoja na nywele alizokata, alikuwa Wembe. Tangu hapo Randa hakukanyaga kanisani. Jumapili, nyimbo zikianza, hupiga randa kwa nguvu hata ubao usiohitaji kupigwa. Na zile mbao zilizolala sakafuni ninajua ni za nini, kwa maana tangazo la ibadani nililisikia kwa masikio yangu: kanisa limemwagiza ngazi nyingine.

Mimi na Mama Birika tulielewa. Wale wawili, ambao paa lenyewe lilikuwa mbele ya macho yao, walikuwa bado bwenini.

— Mungu anasamehe, alisema Wembe, lakini kidogo kidogo. Sikiliza mtu wa kazi. Kichwa kilichokaa mwaka bila kuguswa hukiingii na wembe siku ya kwanza, utamchana mteja. Unapunguza kwa mkasi, anarudi, unapunguza tena. Dhambi kubwa ni hivyo hivyo. Huyo fundi aanze na zile ndogo, za uongo uongo na kusengenya. Hii ya kitanda iguswe mwishoni.

— Upuuzi, alisema Karani. Kila ombi lina njia yake. Huwezi kuamka ukaingia moja kwa moja kwa mkubwa. Kuna wa mlangoni, kuna wa dirishani, kuna katibu. Huyo bwana amekosea tangu mwanzo, anaanza na Baba Yetu. Baba ndiye mkubwa mwenyewe! Lazima imkwame!

— Lakini Yesu, nilianza mimi, alikuja hasa ili—

— Ngoja, mzee wangu, sijamaliza, alisema Karani, akaniwekea kiganja kifuani kwa heshima zote. Na wakati pia una mambo yake. Mimi nimekaa ofisini. Ombi gumu halipelekwi asubuhi, mkubwa ana nguvu za kukataa. Linapelekwa jioni, amechoka, koti liko begani, anaweka sahihi bila kusoma. Mnamkumbuka yule mwizi msalabani? Alifanya nini? Alingoja jioni. Akapita! Huyo fundi angoje akiwa anakata roho, kila kitu kitapita kwa pamoja.

— Na akifa ghafla? aliuliza Mama Birika bila kugeuka.

Karani alifikiri.

— Asife ghafla, alisema.

Niliyafumba macho. Nimesoma vitabu vya wazee wetu wa imani tangu ndevu zangu hazijaota. Nimesoma hoja za wapotoshaji zilizojibiwa kwa majuzuu na mabaraza. Lakini sikumbuki mpotoshaji aliyewahi kumfanya Mwokozi kuwa mkubwa mchovu mwenye koti begani. Randa alikuwa akimsikiliza kila mmoja kwa makini, kama mgonjwa anayepokea dawa kwa waganga wawili. Hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa anawaamini.

— Kwa hiyo asubiri? aliuliza taratibu.

— Asisubiri, alisema Wembe. Atoe kitu mwilini. Damu kwa damu, mfupa kwa mfupa. Nimepata! Apande kitanda kile kile! Atengeneze kingine kibovu vile vile, apande juu kabisa, akae. Kikivunjika akaumia, basi Mungu ameridhika, wamelingana. Amesamehewa.

— Kinyume chake! Karani alisimama. Kikivunjika, maana yake amekataliwa! Kisipovunjika ndiyo amekubaliwa!

— Sasa kisipovunjika ameadhibiwa vipi?

— Nani kasema aadhibiwe? Tunazungumzia msamaha!

— Msamaha bila kuumia ni msamaha gani huo? Hata ndevu haziondoki bila kuwasha!

— Ninyi wawili! Mama Birika aligeuka hatimaye, birika mkononi. Mnamwambia mtu akavunjike mgongo?

— Si yeye, mama, ni fundi wa mbali, alisema Wembe.

Randa alikuwa akizitazama zile mbao sakafuni. Nami niliogopa, kwa kweli niliogopa, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu anayepima urefu. Nikasimama ili nimwambie waziwazi, sheria ya kijiwe iwe na iwe, kwamba mlango wa Mungu haupimwi kwa mifupa yetu, na kwamba aliyepondwa kwa ajili ya makosa yetu alikwisha kupondwa. Nilifikia neno "mwanangu". Hapo ndipo sauti ya mkongojo ilipovuka barabara, na Mzee Funguo akatua mbele yetu, akihema, kofia mkononi.

— Hamjambo hapa. Nimetumwa kuulizia ngazi. Mbona sauti zenu zinafika mpaka madhabahuni?

Kila mtu alimsalimu, ila Randa, aliyeinamia kikombe chake. Wembe, aliyefurahi kupata mwamuzi, alimweleza yote: fundi wa mbali, matundu, gundi, vumbi la msumeno, rangi, kitanda kirefu kama paa, Baba Yetu iliyokwama. Karani alimkatiza kila alipopata nafasi ili ombi liwekwe sawasawa. Mzee aliegemea mkongojo wake akasikiliza mpaka mwisho, bila kumtazama yeyote kati yao.

— Na huyo fundi, aliuliza, ameomba?

— Ameomba nini? alisema Wembe.

— Msamaha. Amemwomba Mungu? Amemwomba yule aliyeumia? Nauliza tu, ameomba?

Wembe alimtazama Karani. Karani alitazama kikombe chake. Asubuhi nzima walikuwa wamekata kesi ya huyo mtu, wamempitisha kwenye milango, wamempandisha vitandani, na jambo hilo halikumpitia hata mmoja wao akilini.

— Sisi tutajuaje? alinung'unika Karani. Ni wa mbali.

— Hajaomba, alisema Randa.

— Umejuaje wewe? alisema Wembe.

— Ni mimi. Na si kitanda. Mzee, ni ngazi yako.

Kikombe cha Wembe kilibaki hewani. Taratibu sana alikigeuza kichwa chake akalitazama paa la kanisa, kama analiona limejengwa asubuhi hiyo.

— Najua, alisema Mzee Funguo.

— Unajua?

— Kipago kilipokatika, kipande kilianguka pamoja nami, kikatua karibu na uso wangu. Nililala pale chini siwezi kujigeuza, nina nini kingine cha kutazama? Unga ulikuwa unamwagika matunduni. Mimi si fundi, lakini gundi naijua. Nimejua tangu kabla hawajaninyanyua.

— Mbona hukusema? Watu walisema umelewa!

— Nilisikia walichosema watu, alisema mzee, na Wembe akainama kama aliyeona kitu chini ya benchi. Nilikuwa nakungoja, Randa. Karakana yako na kanisa vinatenganishwa na barabara moja. Kila Jumapili nasimama pale mlangoni nasema leo atakuja. Wewe unapiga randa! Unajua unavyonichosha? Mtu nimejikaza nikakusamehe, mwenye msamaha wake haji kuuchukua!

Alikuwa amekasirika kweli, akaupiga mkongojo chini.

— Sitakudanganya. Siku ile, pale chini, nilikulaani kwa maneno ambayo mtunza kanisa hapaswi kuyajua. Nilikusamehe baadaye, kwa shida. Na bado, asubuhi za baridi, nyonga ikianza, hasira inarudi na inabidi nikusamehe upya kabla sijavaa viatu. Mimi ni mtu tu. Usijenge nyumba yako juu ya msamaha wangu, unayumba. Lakini yuko mle ndani ambaye hakusamehe kwa kuyumba. Alisamehe akiwa bado amepigiliwa, maumivu hayajaisha. Kwa huyo ndiko kwa kukimbilia. Na unamwogopa kwa lipi? Kwa gundi na vumbi la msumeno? Randa, mwanangu, yeye alikulia karakanani! Unafikiri kuna hila ya seremala asiyoijua?

Randa aliweka kikombe chini, akasimama.

— Anza na "naomba", Wembe alimnong'oneza.

— Hapana, kwanza ajitambulishe, alisema Karani.

— Nyamazeni! alisema Mzee Funguo, na Mama Birika, na mimi pia, kwa sauti niliyokuwa sijaitumia tangu nilipoacha kufundisha. Na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigiliwe misumari, kijiwe kikanyamaza.

— Nisamehe, mzee, alisema Randa. Niliona. Niliona matundu, nikayaziba.

 Mzee aliuhamishia mkongojo mkono wa kushoto, akamshika bega kwa mkono wa kulia, na aliposhika nilimwona akifumba macho kidogo, kama mtu anayekanyaga kwa mguu unaouma. Kisha akamsukuma kuelekea barabarani.

— Hapa kwangu tumemaliza. Nenda kwake. Mlango nimeuacha wazi.

— Na hii aproni? Nina vumbi mwili mzima.

— Nenda!

Randa alivuka. Tulimwona akisita mlangoni, akijipangusa vumbi bila faida yoyote, kisha giza la ndani likampokea. Hatukusikia wimbo wala kishindo. Baada ya kitambo tulisikia sauti ya mwanamume mzima akilia bila kujizuia, na katikati ya kilio hicho, ikianza na kukatika na kuanza tena, Baba Yetu. Na safari hii ilipita.

Karani alikohoa.

— Sasa mimi nauliza, alianza, kwa kuwa ameingia bila kupitia kwa mchungaji, hilo linahesabiwa au—

— Kuna mtu mmoja, alidakia Wembe kwa sauti ndogo nisiyopata kuisikia kwake, aliyemsingizia mzee wa watu ulevi. Huyo naye, kwa mfano, aanzie wapi?

Mzee Funguo aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akanitazama na mimi, niliyejua mengi na kukaa mwisho wa benchi.

— Mlango uko wazi, alisema. Ninyi mnangoja nini?

 Wembe aligeuza macho, akayatua kwenye birika, akitafuta hifadhi. Mama Birika aliliinua, akalipindua juu chini mbele ya pua yake, na halikudondosha hata tone.

— Msinitazame mimi, alisema. Kahawa imekwisha zamani.