Kochi Lisilopita Ngazini

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Springi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa tatu wa baba mpiga chapa na mama mshona nguo. Alizaliwa katika chumba cha juu cha nyumba ile ile aliyoishi hadi uzeeni. Nyumba yenyewe mmeiona asubuhi hii, ile ya mlango mkubwa wa mbao, uchochoroni nyuma ya soko la zamani, ambako ukinyoosha mkono dirishani unamsalimia jirani wa ng'ambo. Wasifu huu unasomwa na shemeji yake, kaka wa mjane. Anaomba radhi mapema, maana utani wao haukuwahi kwisha na leo amechoka mno kujifunza kunyamaza.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani na kumaliza darasa la nane mwaka 1962. Walimu walimsifia hesabu na kumlaumu kwa kuchokonoa viti vya ofisini mwao ili aone ndani kuna nini. Baba yake aliona heri achokonoe kwa faida, akampeleka kwa fundi wa makochi aliyepanga chumba cha chini cha nyumba yao. Mwaka 1970 fundi yule alistaafu, marehemu akairithi karakana, na hakuwahi kufanya kazi mahali pengine. Watu walimletea makochi yaliyobonyea kama magunia, naye aliyarudishia springi, sponji na heshima.

Alifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1973. Zawadi yake kwa bibi arusi ilikuwa kochi la watu wanne, alilolijengea juu sebuleni, mbao moja moja, ili alikute tayari. Alisahau jambo ambalo kwa mteja asingelisahau: litatokaje. Ngazi ile ni nyembamba na ina kona, na madirisha yana nondo tangu enzi za waliojenga. Kochi likawa mkazi wa kudumu.

Baadaye jiji lilitangaza kwamba mitaa ile ni ya kihistoria, ikawa marufuku kubomoa, kupanua, hata kung'oa nondo. Wageni walikuja na kamera wakapiga picha roshani na nakshi za mlango. Hakuna aliyepiga picha ndoo. Maji ya bomba yaliishia uani, na kupanda juu yalipanda kwa mikono ya mama wa nyumba, awe mjamzito, awe mgonjwa, awe na mtoto mgongoni. Aliwahi kumwambia kaka yake, "Historia ni nzuri, lakini haichoti maji." Alikuwa amechoka, na tangu siku hiyo kaka mtu alikuwa upande wake.

Mwaka 2004 binti yao wa kwanza, ambaye ni muuguzi, alijenga nyumba ya chini pembezoni mwa jiji, maji yakiwa ndani, na chumba cha wazazi karibu na mlango. Mama alifurahi hadi akagawa ndoo zake kwa majirani. Lori lilikuja, vitanda vikafunguliwa, vyombo vikapakiwa. Kisha wanaume sita wakalibeba kochi, likakwama konani. Mama alikuwa juu, lori liko chini, kochi katikati. Chai ilipitishwa juu ya mgongo wa kochi. Marehemu akalikalia hivyo hivyo likiwa limeinama.

"Si niliwaambia? Lina shingo ngumu hili."

"Bwana shemeji, wewe ndiye uliyelijenga," akaambiwa. "Lifungue."

"Likifunguliwa halirudi kama mwanzo. Mbao zimeshazoeana."

"Basi liache."

"Niache zawadi ya harusi ya mke wangu?"

Jioni vyombo vilipandishwa tena na lori likaondoka tupu. Mama akaenda kuomba ndoo zake kwa majirani. Tangu hapo, kila binti alipogusia habari ya kuhama, jibu lilikuwa: kochi je? Sote tulijua ni kisingizio. Ukweli ni kwamba marehemu aliogopa. Huko kwenye nyumba mpya kochi likibonyea watu hulitupa, na yeye angekuwa mzee tu wa kukaa barazani. Mkewe alilijua hilo, akamsitiri, akaendelea kuchota maji.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kudhoofika na miguu ikavimba. Daktari alimkataza ngazi, karakana ikafungwa, akawa anashinda juu. Miaka yote mchana alikuwa chini na nyundo yake. Sasa kwa mara ya kwanza alisikia nyumba yake inavyoishi. Siku moja alimwambia shemeji yake, polepole, "Kumbe huwa anapumzika pale konani. Anatua ndoo, anahema, ndipo anapanda. Mimi nilidhani anapanda moja kwa moja."

Januari mwaka huu mama alitoka sokoni akamkuta ameketi sakafuni, bisibisi mkononi. Kochi lilikuwa limefunguliwa lote, vipande vimefungwa kamba na kutiwa alama ya chaki.

"Mama watoto, sasa linapita."

"Kumbe ulikuwa unaweza."

"Nilikuwa naweza tangu mwanzo. Nisamehe."

Mama akatafuta pa kukaa, hapakuwa na pa kukaa, akakaa sakafuni kando yake. Hakumgombeza. Wakakubaliana wahame mwisho wa mwezi.

Tarehe 22 Januari alizidiwa. Mwanawe wa kiume na jirani mshona viatu walimteremsha wakiwa wamemkalisha kitini. Walipofika konani akawaambia, "Nitueni hapa kidogo. Hapa ndipo mama yenu anapopumzikia." Wakamtua, akahema, wakaendelea. Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 23, mkewe akiwa amemshika mkono.

Lori limeshaagizwa. Jana wifi yake alimuuliza mjane kama bado atahama. Alijibu, "Nitahama. Ila nilitaka tukae naye kule kwa binti yetu, tufungue bomba, tuyaangalie maji yakitoka. Hilo tu."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, shemeji mmoja asiyekuwa tena na wa kumtania, na kochi lililofungwa kamba ambalo hakuna kati yetu anayejua kuliunga tena.

Pumzika, bwana shemeji. Pumzika kwa amani, mahali pasipo na ngazi.