Bega la Sita: Maisha ya Saturnino Cobeñas Arizaga (1944–2019)

Ndugu, majirani na marafiki, huyu tunayemsindikiza leo alibeba majeneza ya watu wengine kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Kuhusu jeneza lake mwenyewe aliacha agizo moja tu. Baadhi ya wageni wameshangazwa na agizo hilo, na nyumba ya mazishi aliyowahi kuifanyia kazi, kampuni ya kuzika watu kwa malipo, imelipokea kwa shingo upande. Familia imeona maisha yake yasomwe kwanza, ili kila mtu ajue kwa nini tutambeba hivi tutakavyombeba.

Saturnino alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 29 Novemba 1944, huko San Luis de Cañete, kusini mwa Lima. Alikuwa mtoto wa nne wa Pascual Cobeñas, mchuma pamba, na Casimira Arizaga, mpishi katika nyumba ya mwenye shamba. Jina lake lilitoka kwenye kalenda ya kanisa, kwa kuwa siku hiyo ni ya Mtakatifu Saturnino. Mama yake aliwapikia watu kumi na wawili kila siku kwa miaka ishirini na sita, na yeye mwenyewe akala amesimama karibu na jiko, kwa sababu jikoni hapakuwekwa kiti. Waliomfahamu Saturnino wanajua kwamba hakula chakula amesimama hata mara moja, hata mkate wa sokoni. Kama hapakuwa na kiti, alivumilia njaa mpaka nyumbani.

Alianza shule ya msingi ya San Luis mwaka 1952. Alikuwa wa kwanza katika hesabu miaka mitatu mfululizo. Desturi ya shule ilikuwa kwamba mwanafunzi wa kwanza katika hesabu ndiye hubeba bendera siku ya Uhuru, tarehe 28 Julai. Mwaka 1956 bendera alipewa mtoto wa karani wa shamba, aliyekuwa wa tano. Saturnino alipouliza, mwalimu alimjibu mbele ya darasa zima: "Cobeñas, wewe Mungu kakupa mabega. Nenda ukabebe viti vya wageni."

Alivibeba vyote arobaini. Alivipanga kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari, na vyote akavielekeza ukutani. Mwenye shamba, padri na mkuu wa wilaya walipofika walikuta wamepangiwa kuutazama ukuta wa choo. Mwalimu alimshika sikio.

"Nini hiki?"

"Uliniambia nibebe, mwalimu. Hukuniambia vitazame wapi."

Alichapwa, na hakuwahi kusema kwamba anajuta. Alimaliza darasa la sita mwaka 1957. Baadaye, akiwa Lima, alisoma sekondari ya jioni mpaka kidato cha tatu.

Alihamia Lima mwezi Aprili 1962 na kupakua magunia ya viazi sokoni kwa karibu miaka minne. Tarehe 14 Machi 1966 alienda kuomba kazi katika nyumba moja ya mazishi. Hakuulizwa amesoma wapi. Alisimamishwa ukutani penye mstari uliochorwa kwa penseli, akapimwa kama mlango: mita moja na sentimita themanini na sita. Kisha msimamizi, bwana Zósimo, alimshika kidevu na kumgeuza uso kuelekea dirishani aone rangi vizuri. Familia kubwa za mjini zilitaka marehemu wao abebwe na wanaume sita weusi, wenye kimo kimoja na weusi mmoja, waliovaa suti nyeusi na glavu nyeupe. Ilikuwa heshima ya msiba, kama maua ya bei kubwa.

"Utafaa," alisema bwana Zósimo. "Ila maziko tunayapanga asubuhi. Si unajua nyie saa sita mchana ikigonga akili imekwenda zake."

Mzaha huo kila mweusi aliyepo hapa ameshaambiwa, sokoni, kazini au shuleni. Saturnino aliujibu kwa namna yake. Tangu siku hiyo hakufanya jambo la maana kabla ya saa sita mchana, na kila karatasi aliyoitia sahihi aliiandikia na saa. Mkataba wa chumba chake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, fomu ya pensheni, vyote vina saa saba, saa nane, saa kumi. Kuna karani mmoja aliyewahi kumwambia kwamba saa haihitajiki. Alimwambia, "Wewe huihitaji, mwanangu. Mimi naihitaji."

Alifunga ndoa na Zoraida Lurita Manco siku ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 1969, saa kumi alasiri, katika parokia yao ya La Victoria. Ndoa hiyo haikupita kimya. Zoraida alikuwa wa maji ya kunde, na shangazi yake, bibi Obdulia, alikuja mpaka chumbani kwa bibi arusi akiwa na leso mkononi.

"Vizazi vitatu tumehangaika kuisafisha rangi ya ukoo huu," alilia. "Wewe kwa siku moja unaturudisha jikoni!"

"Basi afadhali, shangazi," alijibu Zoraida akifunga kiatu. "Chakula si kiko huko huko?"

Walijaliwa watoto watatu, Nilda, Wilmer na Rosaura. Bibi Obdulia ndiye aliyewapeleka wote watatu kubatizwa, na alizikwa mwaka 1990 kwenye bega la Saturnino.

Sasa tufike Alhamisi ya tarehe 20 Agosti 1981. Mwenye kiwanda cha vitambaa alikuwa amefariki, na maziko yake yaliondokea nyumbani kwake Monterrico, mtaa wa matajiri. Familia hiyo haitatajwa hapa, kwa kuwa Saturnino mwenyewe hakuitaja. Mbebaji mmoja aliugua asubuhi hiyo, na nafasi yake alipewa Abelardo Lurita, ndugu yake Zoraida, ambaye naye alifanya kazi katika nyumba hiyo ya mazishi. Abelardo, ambaye yupo hapa leo, ana rangi ya dada yake.

Wabebaji sita walijipanga uani. Mtoto mkubwa wa marehemu alipita mbele yao taratibu, akasimama kwa Abelardo.

"Huyu mbona amechujuka? Nyumba yetu iliagiza weusi sita."

Bwana Zósimo aliomba radhi mara tatu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba garini kuna kopo la rangi ya viatu, na kwamba usoni na shingoni tu kungetosha.

Abelardo alitazama chini. "Shemeji," alimnong'oneza Saturnino, "acha tu, mimi nikakae garini."

Saturnino alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba na robo mchana.

"Bwana," alisema, "utanisamehe. Saa sita imeshapita, na akili yangu unajua imeshafungwa. Nieleweshe polepole. Uliagiza mabega sita?"

"Sita."

"Na hili umelikataa."

"Nimelikataa."

"Yamebaki matano. Marehemu ana watoto wa kiume wangapi?"

Bibi mmoja kati ya wageni alisema, "Watatu."

"Kumbe bega la sita liko hapa hapa nyumbani," alisema Saturnino. Aliweka mikono nyuma. Mmoja baada ya mwingine, wale wanne waliobaki nao wakaweka mikono nyuma. Padri alikuwa amefika na magari yalikuwa yamepangwa barabarani mpaka kwenye kona.

"Mnanitia aibu mbele za watu," alisema yule bwana.

"Kumbeba baba yako ni aibu tangu lini?"

Mwishowe yule bwana alivua koti na kuliweka kwenye kiti. Glavu za Abelardo hazikumtosha, zikabaki juu ya koti. Alikuwa mfupi, kwa hiyo jeneza la baba yake liliinamia upande wake kutoka uani mpaka kanisani, na kutoka lango la makaburi mpaka kaburini. Bwana Zósimo alitaka kumpokea mara mbili, naye akakataa mara zote mbili. Saturnino alikuwa nyuma yake, na alisimulia kwamba shati la yule bwana lililoa mgongo mzima, na kwamba kaburini alichelewa kuondoa bega.

Makaburini mjane wa marehemu alimjia Saturnino akamuuliza, "Wewe unaitwa nani?"

"Saturnino Cobeñas Arizaga, mama."

Kwa miaka kumi na mitano aliyobeba wafu wa watu wakubwa, huyo ndiye pekee aliyemuuliza jina.

Jumatatu iliyofuata, yeye na Abelardo walifukuzwa kazi. Bwana Zósimo aliwaambia hawatapata tena kazi ya kubeba katika Lima nzima, na kweli hawakuipata. Saturnino alipakua tena magunia, na kuanzia mwaka 1984 mpaka alipostaafu mwaka 2009 alikuwa mtunza ghala wa shule moja ya La Victoria. Lakini kubeba hakuacha. Alianza kuwabeba majirani wa uchochoro aliokuwa akiishi, na baadaye yeyote aliyekosa watu, bila malipo. Alikuwa na masharti mawili: glavu zivuliwe, na angalau bega moja liwe la nyumbani kwa marehemu, awe mwanamume au mwanamke. Watu waliwaita yeye na wenzake Bega la Sita, kwanza kwa utani, kisha kwa heshima. Kila Oktoba pia alivaa kanzu yake ya zambarau na kuingia zamu ya kubeba machela ya Bwana wa Miujiza, picha ya Kristo msalabani inayozungushwa mitaani Lima. Amevikwa kanzu hiyo leo. Suti nyeusi alikataa.

Wengine walimlalamikia kwamba majeneza yake yanayumba. Dada mmoja aliyefiwa na mumewe alimwambia, "Don Saturnino, lile la jirani lilikwenda sawa kama meza. Letu mbona lilikuwa linapepesuka?"

"La kwenda sawa ni la kukodi, binti yangu," alimwambia. "Wabebaji wamechaguliwa kwa rula. Ndugu hawalingani vimo. Ukiona limeinama, ujue wenyewe wapo."

Septemba 2018 alianza kupungua mwili, na tarehe 3 Oktoba madaktari walimwambia kwamba ana saratani ya tumbo. Alitibiwa kwa miezi minane na hakupenda kuulizwa habari za maumivu. Bega lake la kulia lilikuwa na uvimbe mkubwa kama limau, wa miaka mingi, na mwanafunzi wa udaktari alipotaka kuuchunguza alimwambia, "Huo uache, daktari. Huo ni cheti changu."

Mwezi Mei mwaka huu alitembelewa na mmiliki wa sasa wa nyumba ile ya mazishi, mjukuu wa mwanzilishi. Ni kijana mwenye adabu na alikuja kwa nia njema. Alisema kampuni inataka kumpa heshima: wabebaji sita, bure, glavu mpya.

"Warefu?" aliuliza Saturnino.

"Kama wewe, don Saturnino. Weusi watupu, vijana wazuri."

"Nawafahamu?"

"Hapana, ni wageni kazini."

"Wanaitwa nani?"

Yule kijana alifungua simu yake, akatafuta, akaifunga. "Majina sinayo hapa."

"Basi wewe ndiye unayetaka nibebwe na watu usiowajua. Nenda na amani, mwanangu. Chai yako inapoa."

Tarehe 22 Mei 2019, saa kumi na dakika kumi alasiri, Saturnino aliandika agizo lake kwa mkono wake na kulitia sahihi. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2019, saa nane mchana, nyumbani kwake, Zoraida akiwa amemshika mkono. Aliyetazama saa alikuwa Abelardo. Alitikisa kichwa akasema, "Hata hili amelingoja mchana."

Ameacha mjane, Zoraida. Watoto, Nilda, Wilmer na Rosaura. Wajukuu saba na kitukuu mmoja. Dada yake Eufrasia huko San Luis. Shemeji yake Abelardo. Na uchochoro mzima.

Agizo lake ni hili. Atabebwa leo Alhamisi saa tisa alasiri, kutoka lango la makaburi ya Nueva Esperanza mpaka juu kilimani. Watakaoanza ni Nilda, ambaye hafiki mita moja na nusu, Wilmer, aliyemzidi baba yake kimo, Rosaura, Abelardo, mwenye miaka sabini na minne, jirani Teodomiro, ambaye mguu wake mmoja ni mfupi, na Eufrasia kwa hatua za kwanza tu, kwa kuwa ameng'ang'ania. Yeyote aliyempenda aingie zamu njiani. Kuna manyunyu na njia inateleza, na jeneza litayumba. Msilinyooshe.

Jana kampuni ilituma ujumbe kwamba wabebaji wake sita watakuja hata hivyo. Saturnino alilifikiria na hilo, na mstari wa mwisho wa agizo lake unasema: "Wakija msiwafukuze, hata mimi nilitumwa. Waambieni wavue glavu. Waulizeni majina, yote, ya baba na ya mama, wayaseme kwa sauti watu wayasikie. Mtu akishataja jina lake si wa kukodi tena. Huyo mpeni bega."

Apumzike kwa amani Saturnino Cobeñas Arizaga, mrefu kuliko mstari waliompimia.

Saa tisa imefika. Vueni glavu.