Mama Zamu, Mke wa Dobi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, wasifu huu unasomwa na shemeji wa marehemu, mdogo wa mume wake. Ilikuwa usomwe na mume mwenyewe. Jana jioni aliichukua karatasi, akasoma mstari wa kwanza, akairudisha. "Soma wewe," alisema. "Mimi nitakaa mbele nisikilize kama umekosea." Basi yuko pale mbele, na msomaji ana wasiwasi kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mpaka rangi na mama mshonaji. Nyumba ile haikuwa na maji. Palikuwa na bomba moja la kutumiwa na mtaa mzima, na foleni yake ilikuwa na wenyewe: mwenye nguvu alisogeza ndoo yake mbele, mwenye mdomo alipiga kelele, na mama mshonaji, asiyekuwa na nguvu wala mdomo, mara nyingi alirudi mikono mitupu. Mdomo wake wote alikuwa amemwachia bintiye. Akiwa darasa la pili tu, mtoto huyo alisimama kwenye foleni akataja kwa sauti nani amefika baada ya nani, na watu wazima wakarudisha ndoo zao nyuma huku wakisonya. Walisema hana adabu. Mama yake aliwaomba radhi, kisha akakinga maji yake.

Alisoma shule ya msingi ya stesheni kuanzia mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1975, kisha chuo cha maji, ambako alipata cheti mwaka 1981. Ripoti zake za shule zinasema kwamba ni hodari wa hesabu na kwamba "anajibu sana". Hilo la pili liliandikwa na walimu watatu kwa nyakati tofauti, na familia inaamini hawakuambizana.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika ofisi ya maji ya mji, na baada ya miaka miwili akapewa usimamizi wa mgao. Wageni waliokuja kutuzikia waelewe jambo moja: maji ya mji huu hayajawahi kutosha mitaa yote kwa siku moja, kwa hiyo vali ya mtaa huu hufunguliwa na ya mtaa ule hufungwa, kwa zamu. Siku hizo zamu ilikuwa siri ya ofisi. Mitaa ya juu, yenye matangi makubwa, ilipata maji hata siku isiyo yake, maana penye udhia penyeza rupia, na rupia zilipenya. Watu wa bondeni waliambiwa bomba limepasuka. Bomba la bondeni lilipasuka kila wiki kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuona tope.

Marehemu hakumshitaki mtu. Aliazima kipaza sauti cha mkononi cha timu ya mpira, akapanda baiskeli jioni baada ya kazi, akapita mtaa kwa mtaa. "Kesho zamu ni ya bondeni! Vali inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Yasipotoka, msikubali kuambiwa bomba limepasuka. Njooni ofisini mniulize mimi!" Mkubwa wake wa kazi alimwita.

"Unatoa siri za ofisi, mama."

"Siri gani, mkubwa? Maji yakitoka si kila mtu anayaona?"

"Watu watakuja kutupigia kelele hapa."

"Ndiyo, mkubwa. Nimewaalika."

Ndipo watu walipoanza kumwita Mama Zamu, kabla hajawa mama wa mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye ndoa. Mume wake ni dobi, kama mnavyomjua, na wakati huo alikuwa na chumba kimoja cha kufulia nyuma ya soko, akifua mashuka ya nyumba za wageni. Dobi asiye na maji ni mtu mwenye sabuni tu. Siku moja mwaka 1985 alikwenda ofisini akiwa amekunja noti kiganjani, akamwambia marehemu kwa heshima zote kwamba amemletea ya chai, ili vali ya mtaa wake isahaulike wazi mara mojamoja. Marehemu alivuta droo, akatoa chupa ya chai na kikombe, akammiminia. "Chai ninayo, kaka," alisema. "Kunywa. Halafu hiyo noti kanunulie pipa, ukinge siku ya zamu yako."

Dobi alikunywa. Kesho yake akarudi, akidai amekuja kuuliza ukubwa wa pipa. Aliuliza ukubwa wa pipa mpaka mwaka ukageuka, na nyumbani hakukuwa na pipa. Mdogo wake alipomtania kwamba binti yule ana sauti ya mnadani, alijibiwa kwamba sauti ile inamtuliza. Akipenda, chongo huita kengeza. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa binti na mwana.

Mji mzima uliamini kwamba dobi ameoa bomba. Wateja waliongezeka, wakijua kwake maji hayatakosekana. Yalikosekana. Siku isiyo ya zamu yao alikaa mlangoni na malundo ya mashuka, na mkewe akampita na baiskeli akitangaza maji ya watu wengine. Lakini siku ya zamu yao marehemu alitoka kazini, akafunga khanga kiunoni, akashika ncha moja ya shuka, mumewe akashika ya pili, wakakamua pamoja mpaka mashuka yakaisha. Watoto wao wanasema mambo yote makubwa ya nyumba ile yalizungumzwa kwenye kukamua: ada za shule, ugonjwa wa bibi, na mara moja talaka.

Hiyo ya talaka ilikuwa mwaka 1994. Mkubwa yule wa kazi alituma ujumbe, si kwa marehemu, bali kwa dobi. Mke akipunguza makelele, ofisi italaza bomba nene mpaka chumba cha kufulia, maji siku zote. Dobi alikuwa amechoka, na wateja walikuwa wanahamia kwa mwenzake wa mtaa wa juu. Alimweleza mkewe wakiwa wameshika shuka.

"Bomba moja tu, mama watoto. Litamuumiza nani?"

"Bondeni."

"Bondeni hawajui hata jina langu."

"Zamu yao wanaijua. Wewe ukilitaka hilo bomba, Dobi, lioe. Mimi nakwenda kwa mama."

Akaachia ncha yake, shuka likaanguka kwenye tope. Dobi alilifua upya peke yake. Wiki ile ndani ya nyumba waliosemezana ni watoto tu. Mwishowe Dobi akatia shati jeupe, akaenda kwa mkubwa yule kwa miguu yake mwenyewe, akamwambia ahsante, lakini bomba hapana. Familia imetaka lisemwe waziwazi leo, kwa kuwa wengi humsifu marehemu peke yake: siku ile mwenye cha kupoteza alikuwa dobi, naye alikataa.

Mwezi uliofuata marehemu alihamishiwa stoo, kuhesabu viungo vya mabomba. Alikaa huko miaka miwili, na kipaza sauti kikakaa juu ya kabati. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kufikia hapo waliovua nguo walikuwa wengi. Watu wa bondeni walianza kuja wenyewe ofisini asubuhi, na ndoo zao tupu, wakauliza dirishani kwa adabu, "Zamu ya nani leo?" Waliuliza kila siku. Wakaguzi walipokuja mwaka 1996 waliikuta foleni ile mlangoni, wakauliza inangoja nini, wakaambiwa inangoja jibu. Mkubwa yule aliondoka. Marehemu alirudishwa kwenye mgao, akaufanya mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2016, na tangu aliporudishwa zamu hutangazwa kila jioni hadi leo.

Isidhaniwe alikuwa malaika. Mwaka 2003 alichanganya siku, akautangazia mtaa wa stesheni maji yasiyo yake. Watu walisafisha mapipa, wakafungua koki, zikakohoa hewa tu. Jioni ile alipita tena: "Nimekosea mimi. Si bomba, si mashine, ni mimi. Aliyekosa kabisa aje kwangu, nina mapipa matatu yamejaa." Alitangaza hivyo kabla hajamwambia mwenye mapipa. Dobi aliisikia habari hiyo kama raia wengine, kutoka barabarani, akiwa ameshaloweka mapazia ya ukumbi wa mikutano kwenye sabuni. Alisimama mlangoni akawakingia majirani wa stesheni mmoja mmoja, na kila aliyeshukuru alimjibu, "Mshukuru yule mwenye mdomo."

Mwaka 2021 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Hospitali ilisema moyo umechoka, ikampa dawa, na ikampangia maji kwa kipimo, glasi nne kwa siku. Marehemu alicheka mbele ya daktari. "Dobi, umesikia? Na mimi nimeingizwa kwenye mgao."

Mumewe ndiye aliyempimia. Siku moja ya joto kali mwaka jana, glasi ya mwisho ilipokwisha, marehemu alimshika mkono.

"Niongeze funda moja tu, baba. Nani ataona?"

Dobi aliigeuza glasi juu chini. "Sawa," akasema. "Na jioni nipite nitangaze?"

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akalia kwa kiu, na mumewe akalia naye, akawa anamlowanisha midomo kwa kitambaa. Hakumwongezea. Mpaka leo anauliza kama alifanya vyema. Daktari amesema ndiyo. Familia yote inasema ndiyo, kaka.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa moja asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mumewe alikuwa amemshika mkono.

Asubuhi ile mapipa yalikuwa makavu, na haikuwa zamu ya mtaa wetu. Mkuu wa sasa wa ofisi ya maji, ambaye marehemu alimfundisha kazi, alipiga simu kutoa pole. "Baba, tunawafungulia vali sasa hivi," alisema. "Ni heshima yetu kwa mama."

"Leo zamu ya nani?" dobi akauliza.

"Ya bondeni, baba. Lakini wataelewa."

"Wamekwisha kuelewa vya kutosha hao. Waachie yao."

Binti yake alikuwa karibu, akasikia. "Baba! Mama tunamwosha na nini?"

Dobi aliweka simu chini. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya mlango, kichwa mikononi. Amesema mwenyewe kwamba pale aliona amemnyima mkewe maji kwa mara ya pili, na kwamba safari hii hakukuwa na daktari wa kumtetea. Tulikaa hivyo, nyumba nzima.

Saa nne walikuja watu wa bondeni. Walikuwa wamesikia msiba. Walikuja na ndoo vichwani, madumu kwenye baiskeli, na mzee mmoja na birika tu. Dobi alisimama akaziba mlango.

"Nani kawatuma? Ofisi?"

Mama mmoja muuza mkaa alitua ndoo yake. "Hatukutumwa na mtu, shemeji. Leo zamu ni yetu. Tumekinga yetu, na chetu tunampa tumtakaye. Kuna rushwa hapo?"

Dobi aliziangalia ndoo zile zote. "Hapo hakuna," akasema, akasogea pembeni wapite, na ndipo alipolia kwa sauti mara ya kwanza tangu asubuhi. Mke wake alioshwa kwa maji ya bondeni, na yakabaki.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni fundi umeme, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada wawili, kaka mmoja, na shemeji huyu ambaye marehemu alimwita "mtundu" mpaka mvi zikamtoka.

Mungu ampokee na ampe pumziko lenye amani. Na wewe, kaka, Mungu akutie nguvu jioni, saa ile tuliyozoea kumsikia akipita.